Ufuo ndani ya beseni

Ninafundisha darasa la tano hapa Goma, na somo lililonitoa jasho mwaka huu ni la viumbe wa ufuo wa mchanga. Watoto wangu wamekulia juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Pwani ya nchi yetu ni kilomita 40 hivi tu, kule Muanda, na kati yetu na Muanda kuna Kongo nzima.

Siku ya kwanza nilichora ubaoni mawimbi, kaa na kasa. Nikauliza ufuoni kuna nini. Mtoto mmoja akajibu: "Madamu, mu muchanga hamuna kitu." Alikuwa na haki. Mchoro wangu ulikuwa na wanyama juu ya mchanga, ndani yake patupu.

Nikaomba mchanga kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani na shule, ule mweusi wetu, nikajaza beseni mbili. Ya kwanza niliimwagia maji jioni, kesho yake nikaianika juani. Saa sita mchana nikawaambia waguse. Juu palichoma. Wakazamisha mkono hadi kiwiko, wakakuta ubaridi na unyevu, nyuso zikabadilika. Kwa nini kaa anachimba shimo, walinieleza wao. Mimi niliongeza tu kwamba anapumua kwa matamvua, na yakikauka anakufa.

Hapo kasa naye akaeleweka: anapanda usiku, anachimba kwa miguu ya nyuma, anataga mayai kama 100, anayafukia na kurudi baharini. Joto la mchanga ndilo linaloyalea, tena ndilo linaloamua: ukiwa moto zaidi, wanaanguliwa majike wengi. Swali la "Na mama yao harudi?" lilikula nusu saa, na sikulikatiza.

Kazi ngumu ilikuwa maji kujaa na kupwa, maana Ziwa Kivu halifanyi hivyo mbele ya macho yetu. Katika beseni ya pili niliusukumia mchanga upande mmoja, nikatia maji upande wa pili na majani ya lengalenga, yaani mchicha, yaliyokatwakatwa. Mtoto mmoja aliiinamisha polepole, akairudisha. Maji yaliporudi, majani yalibaki juu ya mchanga, yamejipanga mstari. Wakataka kurudia, tukarudia mara nne. Nikawaambia baharini mstari huo ni wa mwani. Mchanga unaopigwa na mawimbi hauoteshi mimea, kwa hiyo chakula kinaletwa na maji: vidudu vinavyorukaruka vinakula mwani ule, kaa na ndege wanakula vidudu.

Jumamosi tukaenda ziwani na wazazi watatu. Sikuwapeleka alfajiri. Mazuku, ile hewa nzito inayoua, hujikusanya mabondeni usiku usipokuwa na upepo, kwa hiyo nilingoja jua lipande na upepo uvume, nikachagua mahali pa juu palipo wazi. Kati ya mawe tulikuta kipande cha mchanga, na juu yake mstari wa majani yaliyooza, vijiti na chupa za plastiki. Walipofunua majani, vidudu vikatawanyika, wakapiga kelele za furaha.

Tulikuwa tumebeba mfuko wa takataka. Yule wa "hamuna kitu" alikuwa wa kwanza kuinama. Alichukua chupa moja moja, na mwenzake aliponyoosha mkono kwenye majani, akamzuia: "Acha, ile ni chakula yao."