Modemu moja, kompyuta tatu: nilivyosambaza intaneti nyumbani

Nyumbani kwetu Tabata kila mzazi alikuwa na bando lake. Mimi nawasha hotispoti ya simu, mke wangu ya kwake, kijana wetu wa kidato cha nne anasubiri mmoja wetu arudi kutoka kazini. Bando ndogondogo zinakula hela, kwa hiyo nikanunua modemu ya kuweka laini, yenye Wi-Fi na matundu ya waya.

Kuiwasha si kazi. Unaweka laini, unafungua kivinjari, unaandika 192.168.1.1 (namba ya kifaa chako imebandikwa chini yake pamoja na nywila). Badilisha nywila zote mbili, ya Wi-Fi na ya kuingilia kwenye mipangilio. Wengi hubadilisha ya kwanza tu, na hapo mgeni yeyote uliyempa Wi-Fi anaweza kuingia akavuruga kila kitu.

Shughuli ilikuwa chumba cha nyuma anakosomea kijana. Modemu ipo dirishani sebuleni, ndiko mtandao unakoshika vizuri, lakini kuta za tofali za saruji zinaimeza Wi-Fi. Nikaamua kuvuta waya wa mtandao (Ethernet). Kariakoo muuzaji akaniuliza, "Kaka, unataka shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba?" Chukua shaba tupu hata kama bei imesimama, alumini inakatika upesi ukiikunja. Umbali usikutishe, waya huu unafika mita 100. Vichwa vya plastiki vya ncha za waya (RJ45) nilibana mwenyewe, nyuzi nane za ndani nikizipanga kwa rangi hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpangilio ni uleule pande zote mbili, na kila uzi uguse mwisho wa kichwa kabla hujabana.

Chumbani, mwisho wa waya, nikaweka ruta ya zamani (kifaa cha kugawa intaneti) ili itoe Wi-Fi humo. Nayo anwani yake ilikuwa 192.168.1.1, kwa hiyo kabla ya kuiunganisha niliipa 192.168.1.2, nikazima DHCP (huduma inayovipa vifaa anwani zao) ili modemu peke yake igawe anwani, kisha nikachomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la kupokea intaneti kutoka nje). Hatua hii usiiruke kabisa. Vifaa viwili vikigombea anwani moja, intaneti inakuja na kukata, na utamlaumu mtu wa laini bure.

Ikabaki kulinda bando. Windows hupakua masasisho kimyakimya, na kompyuta tatu zikianza pamoja bando linaisha hujui limeendaje. Kwenye kila moja nimeweka mtandao huu kuwa wa kulipia kwa kipimo (metered connection), ili Windows isijipakulie ovyo; masasisho nayaruhusu mwenyewe, kompyuta moja baada ya nyingine, bando likikaribia kuisha muda na bado lina salio.