Ndoo mbili katika joto la kaskazi

Desemba 2009 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi mwaka uliofuata. Wenzangu wanakumbuka shida ya maji na kelele za majenereta. Mimi nakumbuka bia, na pombe sinywi.

Nilikuwa mpishi katika nyumba ndogo ya wageni Jambiani. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kijerumani, mtu wa Bavaria, aliyekuwa akijipikia bia jikoni kwangu kwa kimea cha shayiri na hopsi, yale maua ya kuitia bia uchungu, alivyovileta kutoka kwao. Tulishapatana: ndoo zake ataziosha mwenyewe. Lakini kutazama kitu kikiumuka sikuweza kujizuia, kiwe unga wa mchele, kiwe shayiri.

Hamira yake ilikuwa ya laga, aina ya bia inayoumuliwa kwenye baridi, na hamira hiyo ina madaha. Inataka baridi ya nyuzi 10 hivi, ifanye kazi taratibu kwa wiki kadhaa, ndipo bia itoke safi. Ikipata joto inaharakisha, na haraka yake inanuka. Mzee alitegemea friji la soda. Siku umeme ulipokatika, ndoo ya kwanza alikuwa amekwisha kuitia hamira. Ya pili ilikuwa bado inapoa. Jenereta tuliwasha jioni tu, kwa ajili ya wageni. Haukupita muda, ile ya kwanza ikaanza kutoa harufu ya yai viza na ndizi zilizopitiliza. Mzee akataka kumwaga zote mbili.

Bibi yangu, kule Wete, Pemba, hakuwa akinunua hamira. Mkate wa kumimina aliuumua kwa tembo tamu la alfajiri, na joto ndilo lililomsaidia. Nikamweleza mzee. Akanijibu kwa sheria ya kwao ya 1516: bia ni maji, shayiri na hopsi, basi. Nikamuuliza, hamira imetajwa wapi humo? Akanyamaza. Kweli haimo, zama hizo watu hawakujua kuwa kuna kiumbe hai kinachoifanya kazi ile. Sikuwahi kumshinda mzee yule kwa hoja nyingine yoyote, kwa hiyo hii naihesabu.

Alfajiri nikaenda kwa mgema. Ndiyo kwanza anateremka, kotama kiunoni, kibuyu kinatoa povu.

"Hili la mkate, mwanangu, au la Mzungu?"

"La Mzungu."

"Basi bei yake nyingine."

Tembo lilikuwa zuri sana, ila sikumsifu, kwa sababu ambayo kila Mswahili anaijua.

Tukatia kikombe kimoja katika ndoo ya pili, ya lita 20, na hamira ya laga pamoja nacho. Mzee alisema hamira ya mwituni iliyomo katika tembo imezoea sukari ya mnazi, wakati sukari ya kimea ni nyingine, na laga ndiyo inayoijulia. Moja itaanza, nyingine itamaliza. Kuanza ilianza: kabla ya adhuhuri mfuniko ulikuwa unacheza. Kwa kuwa sikuonja, niliifuata kwa pua na masikio. Mwanzo ilikuwa na ukali wa tembo la mchana, kisha ikapoa, ikabaki harufu ya ganda la chungwa. Yai viza halikusikika kabisa. Ndoo ya kwanza iliishia mchangani nyuma ya jiko.

Wageni waliinywa vuguvugu, kwa mwanga wa karabai, wakasema uchachu wake unakata kiu. Kwa joto lile nadhani hata maji ya ndimu yangesifiwa. Mzee alisema, "Hii si laga," akajaza tena bilauri yake.

Mwaka 2011 aliniita kwenye kompyuta yake. Wanasayansi walikuwa wametangaza kuwa hamira ya laga ina wazazi wawili: mmoja ni wa jamii ile ile ya hamira ya mkate, na mwengine, aliyekuwa hajulikani, amepatikana kwenye miti ya misitu ya Patagonia, kule Argentina.

"Kumbe hata yako ni chotara wa msituni," nikamwambia.

Akasoma ile habari mpaka mwisho, kisha akaniuliza mgema siku hizi anateremka saa ngapi.