Kabla hujampa fundi kianzio

Picha za kazi ambazo fundi wa ujenzi anakuonyesha kwenye simu hazina msaada mkubwa. Siku ya kwanza baada ya rangi, lipu mbovu na lipu nzuri zinafanana kabisa. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoimaliza na ambayo imeshapitiwa na masika angalau mara moja. Ukifika, gonga ukuta kwa sarafu sehemu mbalimbali. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na tofali. Angalia pembe za madirisha kama zina nyufa za mshazari, tazama chini ya ukuta kama rangi imevimba, halafu nenda bafuni uangalie maji yanasimama wapi.

Mwenye nyumba naye usimuulize kama fundi ni mzuri. Kwa ustaarabu tu atakwambia ni mzuri, hasa fundi akiwa amesimama hapo hapo. Muulize fundi alisema atamaliza lini na alimaliza lini, na alipopigiwa simu baadaye kuhusu kasoro, alikuja au alianza kutopokea? Majibu hayo mawili yana uzito kuliko sifa zote. Na kama unaweza, zungumza na saidia fundi wake. Fundi ambaye vibarua wake hawalipwi jioni atawapoteza katikati ya kazi yako, tena pengine siku zege limeshachanganywa.

Kuhusu usajili: kwa Tanzania, kampuni za ujenzi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, chini ya sheria ya mwaka 1997, na kwa makandarasi wa majengo kuna madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba. Kenya kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA. Ukijenga ghorofa, au ukitaka kubomoa ukuta unaobeba paa, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na upate kibali cha halmashauri. Kwa lipu, marumaru na rangi, wengi wetu tunamtumia fundi wa mtaani na si dhambi. Umeme ndio usifanyie mzaha. Kwa Tanzania, fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na akuambie bila kujiumauma kuwa waya wa taa ni milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5, na shawa ya umeme inataka waya mnene zaidi, 4 au 6 kulingana na nguvu yake, ukiwa na njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Anayetaka kuunga shawa kwenye waya wa soketi, mshukuru kwa muda wake na umsindikize getini.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo fundi anajulikana. Pima kazi mwenyewe kabla hajaja. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za mita 3 kwenda juu. Mzunguko wake ni mita 14, kwa hiyo kuta ni mita za mraba 42. Ukitoa mlango mmoja na dirisha moja unabaki na kama 38. Lipu ya milimita 15, kwa mchanganyiko wa moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne), mfuko wa saruji wa kilo 50 unapiga takriban mita za mraba 7 na nusu. Chumba hicho kinataka mifuko 5, ukiweka na ya tahadhari 6.

Fundi akikuandikia mifuko 10, usimwite mwizi bado. Muulize kwa nini. Fundi anayejua kazi atatoa timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia unyoofu, ataishusha ukutani na kukuonyesha kwamba tofali zimepinda, kwa hiyo lipu itabidi iwe na unene wa wastani wa sentimita 3 ili ukuta unyooke. Kwa unene huo, mifuko 10 ni hesabu ya kweli. Ataongeza, bila wewe kuuliza, kwamba lipu nene hivyo haipigwi mara moja. Inapigwa tabaka mbili, la kwanza linakwaruzwa likiwa bichi ili la pili lishike, vinginevyo litaporomoka kwa uzito wake. Anayejibu "bosi, sisi ndivyo tunavyofanyaga" hana hesabu, na asiye na hesabu atakurudisha dukani kila baada ya siku mbili.

Uwiano wa moja kwa nne una maana gani pale chini kwenye mchanganyiko? Mfuko wa saruji una ujazo wa kama lita 35. Mara nne yake ni lita 140, yaani ndoo 7 za lita 20 zilizosawazishwa mdomoni. Simama pale wanapochanganya na uhesabu ndoo. Zikifika 12 kwa mfuko mmoja, huo ni karibu moja kwa saba, na baada ya mwaka mmoja ukipitisha kidole ukutani kitatoka na mchanga. Kupima kwa koleo au kwa toroli "kwa macho" ndiko kunakoharibu kazi nyingi, hata za mafundi waaminifu, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa tisa mchana halibebi sawa.

Mchanga nao upimwe. Jaza chupa angavu mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha itulie kwa muda wa saa tatu hivi. Udongo laini utakaa juu ya mchanga kama utando wa rangi tofauti. Ukizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Kwa wanaoishi ukanda wa pwani, mchanga wa baharini usiuguse hata ukipewa bure. Chumvi yake huvuta unyevu, hutokeza unga mweupe ukutani na hula nondo.

Nondo zenyewe zina mchezo wake. Inayouzwa kama ya milimita 12 wakati mwingine ni nyembamba zaidi. Ya kweli, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa karibu kilo 10.7, na ya milimita 10 karibu kilo 7.4. Weka kwenye mizani palepale dukani. Fundi ambaye hapendi uende dukani huenda anapata chochote kutoka kwa mwenye duka. Jambo hilo ni la kawaida na mimi silioni kama wizi moja kwa moja, ila bei anayoipata kwa muuzaji iwe ndiyo bei ambayo na wewe ungepewa. Piga simu maduka mawili mengine kabla ya kukubali orodha yake. Vitu vikubwa kama saruji, nondo, bati na marumaru nunua mwenyewe. Misumari, waya wa kufungia na sandpepa mwachie yeye, utajichosha bure.

Malipo ya ufundi yaendane na aina ya kazi. Lipu na marumaru lipa kwa mita ya mraba. Kutafuta bomba linalovuja ndani ya ukuta lipa kwa siku, kwa sababu hakuna anayejua litapatikana lini. Kazi ya jumla yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, patana bei moja mkaigawe kwa hatua. Kianzio kikubwa ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Fundi anakuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja, na kianzio chako kinaenda kumalizia ya mwenzako. Kama vifaa umenunua wewe, kianzio kinachotosha ni cha kulipa vibarua na kula kwa wiki ya kwanza. Asilimia 20 ya ufundi inatosha kabisa. Anayeng'ang'ania nusu kwa nusu kabla ya kugusa mwiko, tafuta mwingine.

Chukua bafu kama mfano wa hatua. Sehemu ya kwanza lipa mabomba yakishapita na kabla hayajafunikwa. Maji yafunguliwe, koki zote zifungwe, mabomba yaachwe na presha usiku kucha, asubuhi mkague kila kiungio. Piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi kando ya bomba, ili siku ya kutundika kioo usilitoboe. Sehemu ya pili lipa baada ya dawa ya kuzuia maji kupakwa sakafuni na kupanda ukutani, na kujaribiwa: ziba tundu la kutolea maji, jaza maji ya kina cha sentimita 3 hivi, weka alama ya penseli, acha saa 24. Maji yakishuka chini ya alama kwa namna ya kuonekana, au ukuta wa chumba cha pili ukianza kulowa, marumaru haiwekwi. Jaribio hili mafundi wengi hawalipendi kwa sababu linakula siku nzima. Kulikubali bila kununa ni dalili nzuri kuliko barua ya utambulisho. Sehemu ya tatu ni marumaru yenyewe. Sakafu iteremke kuelekea tundu kwa sentimita 1 hadi 2 kila mita. Mwaga ndoo ya maji uone yanakokimbilia. Asilimia 10 ya mwisho ibaki mkononi mwako kwa muda mliokubaliana. Kwa paa, hadi mvua kubwa ya kwanza ipite.

Haya yote yaandikwe kwenye karatasi moja: kazi yenyewe kwa vipimo, uwiano wa mchanganyiko, nani ananunua nini, bei, hatua za malipo, tarehe ya kumaliza, na kwamba kazi ya ziada haianzi kabla bei yake haijaandikwa, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, mashahidi wa pande zote mbili, na ikiwezekana muhuri wa serikali ya mtaa. Ikifika Mahakama ya Mwanzo, karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza.

Aliye nje ya nchi, Muscat au Minneapolis, asimfanye ndugu kuwa mnunuzi, msimamizi na mtunza fedha kwa pamoja. Dukani lipa moja kwa moja na uletewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na msimamizi awe mtu mwingine kabisa, analipwa na wewe na hana undugu na fundi.

Mkishindwana njiani, usimwache aondoke hivi hivi na usimfungie vifaa vyake vya kazi, maana hapo utakuwa umempa kesi yeye. Pimeni pamoja mita zilizokamilika, andikeni, hesabuni mifuko na boksi zilizobaki, lipa kinachostahili, kila mmoja asaini. Fundi anayefuata atakagua kilichoachwa kabla ya kutaja bei, na kama hakukagua, huyo naye bado hujampata.