Nilivyoufuata Ukoo wa Mume Wangu kutoka Missouri hadi Bonde la Shenandoah

Ushauri mwingi niliopewa nilipoanza kazi hii haukunifaa kitu, na waliokuwa wepesi wa kuutoa ni wale ambao hawajawahi kufungua hata daftari moja la kodi. Wifi yangu ametundika sebuleni nembo ya ukoo aliyoinunua katika duka la watalii, na anaamini kwamba mababu zao walikuwa ndugu watatu walioshuka melini pamoja, mmoja akaenda kaskazini, mmoja kusini, na wa tatu, aliye wao, magharibi. Hadithi hiyo ya ndugu watatu inasimuliwa na familia nyingi mno za Marekani, kwa maneno yaleyale. Anaamini pia kwamba bibi mmoja wa zamani alikuwa binti wa mfalme wa Wacherokee, taifa la wenyeji asili wa Marekani, ilhali Wacherokee hawakuwa na wafalme wala mabinti wa kifalme. Mama mkwe, ambaye alikwisha kuchoshwa na ngano hizo, aliniomba mimi, mtu wa Tanga niliyeolewa Missouri, nimtafutie habari za kweli.

Sehemu ya kwanza ilikuwa rahisi. Sensa ya 1880 inaeleza wazazi wa kila mtu walizaliwa wapi, na ile ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru kwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Babu aliyeishi Missouri mwaka huo alisema alizaliwa Kentucky. Kabla ya hapo sensa humtaja mkuu wa nyumba peke yake, na waliobaki ni hesabu tu ya wanaume na wanawake kwa marika yao. Isitoshe, sensa za Kentucky za 1790 na 1800 zilipotea, kwa hiyo ya zamani zaidi iliyosalia ni ya 1810. Nilikuwa namtafuta baba yake babu huyo, ambaye kuanzia hapa namwita babu yetu, mtu aliyeingia Kentucky katika miaka ya 1780, yaani katika kipindi kile ambacho sensa hazimo.

Hapo ndipo nilipoambiwa, kwa sauti ya mtu anayejua, niende kwenye mahakama ya kaunti alikozaliwa mtoto, basi nitakuta kila kitu. Biblia ya familia inasema alizaliwa karibu na Danville. Danville leo ni makao ya kaunti ya Boyle, tukaendesha gari mwendo wa mchana kutwa hadi huko, tukalala hotelini kwa bei ambayo mume wangu hapendi nimkumbushe, na asubuhi karani, mama mpole sana, akanieleza kwamba kaunti yake iliundwa mwaka 1842. Kumbukumbu za zamani zaidi zimebaki katika kaunti mama. Mtu aliyejenga kibanda chake mahali pale angeweza kuzeeka bila kuhama hata hatua moja, na bado akaandikwa katika kaunti tofauti: eneo hilo lilikuwa kaunti ya Fincastle tangu 1772, likawa kaunti ya Kentucky mwishoni mwa 1776, likawa Lincoln mwaka 1780, na baadaye sehemu yake ikakatwa kuwa Mercer. Zaidi ya hayo, Kentucky yote ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792. Mshauri wangu alijua njia ya kwenda mahakamani lakini hakujua mipaka ilivyotembea.

Ufumbuzi ulitoka kwenye orodha za kodi, na hapa naomba nijisifu kidogo. Tangu 1782 Virginia iliandikisha kila mwaka walipa kodi pamoja na farasi na ng'ombe wao, na nakala za orodha hizo zinapatikana. Ubaya wake ni kwamba majina yamepangwa kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo watu waliokaa ukingo wa kijito kimoja wametawanywa kurasa nyingi. Na jina la ukoo wetu ni la kawaida mno. Katika Lincoln peke yake waliitwa hivyo watu kadhaa, wawili kati yao wakitofautishwa kwa kuongezewa neno Senior na Junior, ambalo wakati ule halikumaanisha lazima baba na mwana bali mkubwa na mdogo wa eneo hilo. Wifi alikuwa amekwisha kuwafanya baba na mwana.

Lakini kando ya majina, katika baadhi ya orodha, zikiwemo za 1787, kuna tarehe ambayo ofisa wa kodi alimwandikisha kila mtu. Nikajiuliza: ofisa huyu alipanda farasi katika nchi ya misitu, angewezaje kufika pande mbili zilizo mbali siku hiyohiyo? Nikanakili majina yote, si ya ukoo wetu tu, katika jedwali la kompyuta, kazi ya usiku mwingi baada ya watoto kulala, kisha nikaamuru jedwali lipangwe kwa tarehe. Majirani wakarudi mahali pao. Mmoja wa watu wetu alikuwa siku zote na kundi lilelile, na kila mwaka nilioujaribu, jina moja halikumwacha. Orodha za jimbo jipya la Kentucky, baada ya 1792, zikataja pia ekari na kijito, na wote wawili wakaonekana kwenye maji ya Dick's River.

Safu za orodha hizo zina mpangilio ambao sikuuzoea hata mwisho. Wanaume weupe wanahesabiwa kwanza, kisha watu weusi, yaani watumwa, kisha farasi. Katika mstari wa babu yetu safu ile ya katikati ilikuwa tupu miaka ya mwanzo, halafu ikaingia tarakimu, bila jina. Mama mkwe alinitaka niiandike katika taarifa ya familia kama ilivyo, nami nikaiandika.

Jirani yule asiyebanduka nilimkuta tena Stanford, makao ya kaunti ya Lincoln, katika hati ya dhamana ya ndoa ya babu. Siku hizo bwana harusi na mdhamini wake walijifunga kwa paundi 50 kwamba hakuna kizuizi cha ndoa, na mdhamini mara nyingi alikuwa baba au kaka wa bibi harusi. Huyu alikuwa kaka. Kwa hiyo niliacha kumtafuta babu, nikamtafuta shemeji yake. Sheria ya pensheni ya Juni 1832 iliwataka askari wazee wa Vita vya Uhuru waeleze mahakamani walizaliwa wapi, walikuwa wakiishi wapi walipoitwa vitani, na wameishi wapi tangu hapo. Faili lake halikuwa chini ya Kentucky. Aliapa katika kaunti ya Howard, Missouri. Alieleza kwamba alilelewa kaunti ya Augusta, Virginia, akapita Cumberland Gap, kipenyo cha milimani cha kuingilia Kentucky, na farasi wa mizigo, maana njia ile haikupitika kwa magari ya kukokotwa hadi 1796. Sheria ilitaka pia jirani mwaminifu athibitishe umri na sifa zake. Jirani huyo ni babu yetu, akisema amemfahamu tangu ujana wao Augusta. Karani ameandika jina la kwanza upande mmoja na la ukoo upande wa pili, na katikati mzee mwenyewe amechora msalaba, mstari mmoja mnene na mwingine hafifu, kama kwamba wino ulimwishia.

Ombeni faili zima la pensheni, si kurasa zilizochaguliwa, kwa sababu ushahidi wa jirani ulikuwa katika karatasi ambazo mtu mwingine angeziruka.

Staunton, katika Bonde la Shenandoah, ambako kumbukumbu za Augusta zinaanza 1745, nilipata wosia wa baba wa babu yetu ukimtaja mwanawe aliyeko Kentucky. Sababu ya kuihama Kentucky nayo ilijitokeza mahakamani: viwanja vilipimwa kwa kutaja miti na vijito, hati zikalaliana, na watu wengi wakapoteza ardhi waliyokwisha kuilipia. Thomas Lincoln, baba wa rais, aliondoka kwenda Indiana mwaka 1816 hasa kwa sababu ya migogoro hiyohiyo. Missouri ardhi ya serikali ilipimwa kwa miraba, na tangu 1820 iliuzwa kuanzia dola 1.25 kwa ekari. Hati zake zinasomwa bure kwenye intaneti.

Gharama zote, ukiacha mafuta na hoteli ile, hazikuzidi sana dola mia moja na kitu, nyingi zikiwa nakala. Sasa wifi anataka tununue orodha ya abiria wa meli kutoka kwa mtu anayedai anayo. Wajerumani walioshuka Philadelphia tangu 1727 waliandikishwa na kuapishwa, kwa sababu walikuwa wageni. Watu wetu, kwa kila dalili, walitoka Ulster, kaskazini mwa Ireland, raia wa mfalme yuleyule, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuwaandikisha bandarini. Nimemwambia fedha hizo azipeleke kwenye nakala za kodi za Pennsylvania, ambako shemeji wa babu alisema alizaliwa.