Kutoka Mwanza hadi Selous kwa ndege ndogo

Leo asubuhi tumeruka kutoka Mwanza, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ikirejea ufukweni chini yetu, kuelekea kuwinda katika Pori la Akiba Selous. Ndege ya injini moja haina filamu wala nafasi ya kunyoosha miguu, kwa hiyo nilitandaza ramani mapajani nikafuatisha njia kwa kidole: Shinyanga, Singida na maziwa yake ya chumvi, kisha Dodoma. Mzee wetu wa kufuata nyayo, aliyeketi kando yangu, alinieleza bila haraka jinsi kingo za alama ya kwato za nyati zinavyokauka na kumomonyoka jua linapopanda, na jinsi kinyesi chenye unyevu kinavyoonyesha kwamba kundi halijafika mbali. Kwangu, hakuna filamu inayoshinda mazungumzo hayo. Nilipomuuliza, “Mzee, na upepo je?” alinyanyua kiganja, akaanza upya.