Kitapima nini?

Harusi ya Rehema imepita salama, ofisini mkataba umeongezwa, wageni wameondoka. Mimi kichwani bado niko Jumamosi jioni: Baba mkwe amesimama mbele ya meza yangu ya kona na kikombe chake cha tangawizi, anaitazama oskiloskopu niliyoivua jalada, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini.

"Ukishakitengeneza hiki, mwanangu, kitafanya kazi gani?"

"Kitapima, Baba."

"Kitapima nini?"

"Vifaa vingine vilivyoharibika."

Akapiga funda moja. "Haya," akasema, kwa sauti ile anayomwambia binti yangu Salma akimwonyesha mchoro. Kisha akauliza kama maji yameanza kutoka.

Hakuwa na ubaya. Hana ubaya yule mzee, mnamjua. Ndiyo maana imeniuma. Tangu siku ile namjibu kichwani, kwenye daladala, nikipiga mswaki. Ningemkumbusha amplifaya ya msikitini kwao, iliyokuwa ikinguruma adhana nzima. Mafundi waliipima kwa mita, ikasoma volti zilezile zinazotakiwa, wakaishia kubadilisha spika. Mita inakupa namba tu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye daiodi nne, zinazougeuza uende upande mmoja tu, unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita, kile kipande kinachotunza chaji ili kuyasawazisha, ikichoka haiwezi kuyalaza. Kwenye oskiloskopu unayaona kwa macho yako, yamejipanga. Kitapima nini? Kitapima hicho, Baba!

Jana usiku, nyumba imelala, nikarudi mezani. Oskiloskopu yenyewe ni ile Tektronix 465 ya mzee wa Tabata, toleo la miaka ya 1970. Njia yake ya ndani ya umeme wa volti 15 ilikuwa imekufa, na umeme ukiwa umezimwa mita ilisoma karibu omu sifuri kutoka njia hiyo hadi kwenye fremu, dalili ya shoti. Kwenye mashine hizi mshukiwa wa kwanza ni kapasita zilizotengenezwa kwa madini ya tantalamu: zikizeeka hupiga shoti na kuiangusha njia nzima. Nikawa nanyanyua mguu wa moja baada ya nyingine. Kuna moja haikuwa na dalili yoyote, haijaungua wala kupasuka; mguu wake ulipoachia tu, shoti ikaondoka. Nikafunga mpya, nikahakikisha chanya iko upande wake, nikawasha.

Mstari wa kijani ukatokea. Nikagusisha probu, ncha ya kupimia, kwenye kalibreta yake, tundu linalotoa mawimbi ya kuijaribia, mawimbi ya mraba ya kilohezi 1 yakasimama, kona kali kabisa. Sikuweza kuvumilia, nikamwamsha mke wangu, Mama Salma. Akaja amejitanda khanga.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

Akavuta kiti, akakaa, akaniomba nimwonyeshe tena. Baba mkwe akija Idi nitamwekea kiti hichohicho.

Leo kinachonikosesha raha ni macho ya mama yangu. Asubuhi amemimina chai pembeni ya kikombe, akadai Salma amekisogeza. Salma alikuwa uani. Kadi ya bima inaisha mwezi huu, na bado sijapata pa kuombea ruhusa kazini ili nimpeleke hospitali.