Sin x ilinilia majibu matatu
Jana usiku nimekaa na mdogo wangu tunapiga maswali ya hesabu, tukakutana na 2 sin x cos x = sin x, x kuanzia nyuzi 0 mpaka 360, mi nikajifanya fundi nikakata sin x pande zote fasta, ikabaki cos x = 1/2, majibu 60 na 300, kwisha. Kucheki nyuma ya kitabu yako matano!! Kumbe ukigawanya kwa sin x unaitupa ile hali ya sin x = 0, na hapo ndo zilikuwa zimejificha 0, 180 na 360. Ilibidi nihamishie yote upande mmoja, sin x(2 cos x − 1) = 0. Dogo kacheka mpaka basi, maana kosa hilohilo nilimgombezea juzi kwenye x² = 5x, alikata x akaipoteza sifuri 😂